Farasi wa Mkunga

Jumamosi ile Mkunga aliamka kabla simu haijamwamsha. Alioga, akafunga kilemba, akavaa ovaroli ya bluu, na alipoingia jikoni akamkuta mumewe amesimama na birika mkononi, anamkagua kuanzia juu hadi chini.

"Ovaroli umeipiga pasi," mumewe alisema.

"Ndiyo."

"Nguo ya kulala chini ya gari."

"Mwalimu, leo usinianze."

Kila mtu alimwita mumewe Mwalimu, mkewe akiwemo, kwa sababu alifundisha hesabu, na hata akimenya viazi alikuwa anavihesabu. Alimmiminia mkewe chai, akamsogezea mkate, akasubiri. Mkunga alitafuna kipande kimoja dakika nzima bila kukimeza. Miaka ishirini na miwili ya kuzalisha watoto, wengine wakitanguliza miguu, wengine wawili wawili, na hakuna siku chakula kilimgomea. Leo anakwenda kupima gari tu, na mkate hauendi.

Mapenzi yake na injini yalikuwa na umri wa miaka saba. Yalianza siku gari la familia lilipomzimikia barabarani akiwahi zamu. Fundi aliyekuja kumwokoa alifungua boneti, akamwonyesha kitu chenye umbo la konokono, akasema, "Hii ni turbo. Moshi unaotoka unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa." Mkunga alimwomba arudie. Fundi akarudia. Akamwomba aeleze tena, mara hii polepole. Alifika kazini amechelewa nusu saa, ana grisi mpaka kwenye nyusi, na tangu hapo kila Jumapili alasiri aliyemtaka alimtafuta chini ya boneti.

Gari lenyewe halikuwa na sura ya mbio. Lilikuwa refu, la kijivu, na buti lake lingemeza kochi. Lakini kwa miezi sita Mkunga alikuwa akilihamisha kimya kimya kutoka petroli kwenda ethanoli, ile pombe kali inayotengenezwa kwa miwa. Ethanoli ikiungua inaipoza injini, kwa hiyo turbo inaweza kupuliza kwa nguvu zaidi bila mafuta kulipuka kabla ya wakati na injini kuanza kugonga. Ubaya wake ni ulafi: injini lazima inyweshwe karibu theluthi moja zaidi. Ndiyo maana alibadilisha pampu, akaweka nozeli pana za kunyunyizia mafuta, na kompyuta ya gari akaipa maelekezo mapya kabisa. Mchanganyiko wake ulikuwa ethanoli themanini na tano kwa mia, zilizobaki petroli. Kwenye kifuniko cha tangi alibandika karatasi yenye herufi kubwa: ETHANOLI TU.

Na yote hayo, tuseme ukweli, yalikuwa ya kumnyamazisha shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wake Mwalimu, kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Kishindo, kwa kuwa gari lake lilisikika robo saa kabla halijaonekana. Lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kiasi kwamba abiria aliingia kama anaingia uvunguni. Kwa miaka mitatu mfululizo ndilo lililoongoza kwenye ubao wa karakana ya kupimia nguvu za magari. Wateja wake wote walijua habari hiyo neno kwa neno, maana mtu mwenye wembe shingoni hana pa kukimbilia. Gari la Mkunga alilipa jina la "basi la kwaya."

"Shemeji," alikuwa akimwambia kila wakikutana, "hilo basi la kwaya likifika farasi mia mbili, mimi nitaimba soprano."

* * *

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vigae. Katikati ya sakafu, chini ya paa la mabati, kulikuwa na roli mbili nene za chuma zilizozikwa nusu. Hiyo ndiyo daino. Gari linapandishwa hapo, linafungwa kwa mikanda mbele na nyuma, magurudumu yanakaa juu ya roli, kisha mwenye gari anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linakimbia kwa nguvu zake zote bila kusogea hata unyayo, na kompyuta inachora mstari unaoonyesha nguvu za farasi. Hakuna cha upepo, hakuna cha dereva hodari. Kilichomo kwenye injini ndicho kinachosomeka.

Mwenye daino alikuwa mzee mwembamba, fundi redio wa zamani, anayejulikana kama Bwana Tuone. Ukimwambia gari lako lina farasi mia nne, anajibu, "Tuone." Ukimwambia mvua itanyesha, "Tuone." Wengine walidai hata siku ya ndoa yake alijibu hivyo hivyo.

Mkunga na Mwalimu walipowasili, wapenzi wa magari kama ishirini walikuwa wameshajaa, wanaongea wote kwa pamoja, wanachungulia boneti za watu, wanapigana mabega. Kishindo alikuwa katikati yao, shati limemkaa vizuri, nywele amezichonga kwa rula.

"Kwaya imefika!" alipaza sauti. "Shemeji, umebeba na ngoma?"

"Nimebeba," Mkunga alijibu. "Ya kukuchezesha."

Watu wakaangua kicheko. Kishindo mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa sababu alimpenda shemeji yake, ila mdomo ndio haukuwa na breki.

Sheria ya Bwana Tuone ilijulikana: kila gari mizunguko mitatu, na namba kubwa ndiyo inayoandikwa ubaoni. Kishindo alitangulia. Gari jekundu lilifungwa mikanda, feni kubwa ikawashwa mbele yake, watu wakaziba masikio. Alipokanyaga, mabati ya paa yalilia, chai ikacheza vikombeni, na mwenye duka la vigae alionekana kupitia dirishani amekumbatia rafu zake kwa mikono miwili. Mzunguko wa kwanza farasi mia tatu na moja. Wa pili mia tatu na nne. Wa tatu, mia tatu na sita.

"Mia tatu na sita!" Kishindo alitoka garini akiwa ameinua mikono. "Ni watoto wangu! Wote nawajua kwa majina!"

Bwana Tuone akaandika ubaoni, taratibu, kwa kalamu nyekundu. Kisha akamgeukia Mkunga.

"Mimi natarajia mia tatu na kumi," Mkunga alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Tuone," alisema Bwana Tuone.

Mkunga alipanda garini, akajifunga mkanda, akaweka gia ya nne. Alishusha pumzi kama alivyokuwa akiwafundisha akina mama kushusha, kuvuta kwa pua na kutoa kwa mdomo. Akakanyaga.

Kwa sekunde mbili gari lilinguruma vizuri. Baada ya hapo likakohoa. Likakohoa tena, likatetemeka kuanzia taa za mbele hadi buti, na nyuma likatoa moshi mweusi mzito uliowafunika watu watano, Mwalimu akiwa mmoja wao. Kisha Mkunga akasikia sauti ambayo hakuna mpenzi wa injini anayetaka kuisikia: tak-tak-tak, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko kutoka ndani.

"Ondoa mguu!" Bwana Tuone alipiga kelele, na hiyo peke yake ilikuwa habari, kwani hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

Mkunga alikuwa ameshaondoa. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulipanda kidogo, ukajikunja, ukaanguka kama ngazi iliyovunjika. Farasi mia moja na tisini na nane.

"Hata mia mbili haikufika," mtu mmoja alinong'ona.

Kishindo alifungua mdomo, akamtazama shemeji yake usoni, akaufunga. Watu wa karibu wakashangaa kwamba kumbe unafungika.

* * *

Mkunga hakulia. Aliingiwa na utulivu ule wa chumba cha kuzalishia mambo yanapoharibika. Alifungua boneti, akachomoa plagi moja. Ilikuwa nyeusi tii, imejaa masizi.

"Mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyohitajika," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Halafu inagonga. Ethanoli haigongi hivi. Mwalimu, nipe mrija."

Mwalimu, uso mweusi kwa moshi, meno tu yakionekana, akamletea mrija mrefu wa kioo wenye alama. Wapenzi wa magari wakasogea. Mkunga aliweka maji hadi alama ya kumi, akadondoshea wino kidogo wa bluu, kisha akavuta mafuta kutoka tangini, akaongeza mia moja kamili. Akaziba kwa kidole gumba chenye glavu, akatikisa, akausimamisha mrija mezani.

"Ethanoli inapenda maji," aliwaeleza. "Itaikimbia petroli, ishuke kujiunga nayo. Sehemu ya bluu itapanda. Kama mafuta yangu ni mazima, itafika tisini na tano."

Vichwa ishirini viliinama kuutazama mrija. Bluu ilipanda. Ikafika arobaini, hamsini, hamsini na tano. Ikasimama hamsini na nane, ikagoma hapo.

"Hamsini na nane toa kumi za maji," Mwalimu alisema. "Arobaini na nane kwa mia. Nusu ya tangi lako ni petroli."

"Haiwezekani. Nilichanganya mwenyewe."

"Jumatano ulikuwa na lita ngapi?"

"Ishirini na sita hivi."

Mwalimu alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake kwa sababu hakuona karatasi karibu. Midomo ilimcheza. "Basi kuna mtu ameongeza petroli. Lita ishirini, si pungufu, si zaidi." Kisha akatulia, kalamu ikiwa hewani. "Mke wangu. Alhamisi gari alikuwa nalo nani?"

Wakatazamana.

Alhamisi Mama aliliomba gari. Mama huyo ni mzazi wa Mwalimu na Kishindo, mama mkwe wa Mkunga, karani mstaafu wa posta, na mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Alitaka kwenda kuchukua kabati kwa rafiki yake, na kwenye kigari chake kabati lisingeingia hata mlango wake mmoja.

Mkunga alipiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu! Umeshashinda?"

"Bado, Mama. Nilitaka kuuliza tu. Juzi ulipolirudisha gari, uliongeza mafuta?"

"Niliongeza!" Mama alijibu kwa furaha. "Tena mwanangu unisamehe, nilitaka lijae kabisa, lakini yule wa kwenye pampu alinichelewesha, nikamwambia basi, ishirini zinatosha. Mimi siwezi kumrudishia mtu gari lina kiu."

Mkunga alifumba macho. "Ahsante sana, Mama. Pale kwenye kifuniko, kuna karatasi. Hukuiona?"

"Ile iliyoandikwa Ethanoli Tu? Niliiona, ni nzuri. Nikadhani ndilo jina la gari."

Kitu cha kwanza kilichosikika ni Kishindo. Aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Mwalimu alifuata. Alijaribu kujizuia kwa heshima ya mama yake, akatoa sauti ya filimbi puani, akashindwa. Ndani ya nusu dakika karakana nzima ilikuwa hoi, watu wanaegemeana, mmoja anarudia "jina la gari, jina la gari" kama aliyepagawa. Mkunga alijaribu kukaza uso. Uso ulimponyoka, naye akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Mbona nasikia makelele?" Mama aliuliza simuni. "Kuna nini huko? Mwanangu, nimefanya kosa?"

"Hapana, Mama," Mkunga alisema akipangusa macho. "Ulinifanyia wema mkubwa mno."

"Nakuja," Mama alisema, akakata simu.

* * *

Sasa kulikuwa na kazi. Mkunga aliketi juu ya tairi na kuitaja kwa vidole: kutoa mafuta yote tangini, kubadilisha plagi nne, kutafuta mafuta mapya. Nyuma ya gari alikuwa na dumu moja la lita ishirini za ethanoli tupu, karibu isiyo na doa, tisini na nane kwa mia.

"Hiyo peke yake haifai," alisema. "Kompyuta nimeipangia themanini na tano. Nahitaji petroli safi kidogo."

"Lita tatu," Mwalimu alisema. Kiganja kilikuwa kimejaa, alikuwa ameshahamia mkono. "Lita tatu juu ya ishirini, unapata themanini na tano na nukta mbili."

"Yaliyomo tangini siyaamini tena. Na kituo cha mafuta kiko mbali. Bwana Tuone anafunga saa nane."

Bwana Tuone alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na robo.

Kishindo alikuwa bado sakafuni, anapangusa uso kwa mkono wa shati. Alinyanyuka, akaenda kwenye gari lake jekundu, akafungua buti dogo kama droo, akarudi na dumu la lita tano.

"Petroli yangu ya dharura," alisema. "Pima tatu."

Watu walipiga miluzi. Mkunga alimtazama. "Shemeji, unajua nikiipata hii naweza kukuvua taji."

"Unaweza usinivue vile vile. Lakini mimi sitaki kumshinda mgonjwa. Watu watasema nilisaidiwa na mama yangu." Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, "Na ukishinda, nitawaambia wateja wote kwamba umeshinda kwa petroli yangu."

"Waambie," Mkunga alisema. "Ila waambie na kiasi."

Walilisukuma gari hadi uani. Bwana Tuone aliweka mitungi miwili ya kuzimia moto, akaamuru kila simu na kila kiberiti vikae mbali, kwa sababu moto wa ethanoli mchana hauonekani vizuri, mtu anaungua huku anauliza joto linatoka wapi. Mkunga alifungua bomba karibu na injini, akaunga mpira, akaiamuru pampu iteme. Mafuta yalitiririka madumuni, lita arobaini na ushee. Mwalimu alihesabu. Kishindo, aliyejikunja ili asichafue shati, aliishia kulichafua kuanzia kola hadi pindo, akichomoa plagi za zamani na kumpa shemeji yake mpya moja moja kama muuguzi anayempa daktari mkasi.

"Polepole na hiyo," Mkunga alimwambia. "Ikaze kwa mkono kwanza. Umewahi kubadilisha plagi kweli wewe?"

"Nina fundi."

"Miaka mitatu unaongoza ubao, kumbe una fundi!"

"Shemeji, punguza sauti."

Wakati huo ndipo kigari cha Mama kilipoingia uani. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, kidogo sana, na familia ilikiita Kidonge. Mama aliteremka na mkoba wake begani, akamwamkia Bwana Tuone, akaitikia shikamoo za watu ishirini bila kuruka hata moja, akafika mbele ya gari la kijivu, akamshika mkono mkwe wake.

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Hujaniharibia, Mama. Ona, shemeji anafanya kazi."

Mama alimtazama mwanawe aliyejaa masizi, akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa habari ya gari. "Huyu? Kwa mikono yake?"

"Mama!" Kishindo alilalamika kutoka chini ya boneti.

"Na wewe leo uko upande wa nani?" mtu mmoja alimchokoza Mama.

"Nimezaa wawili, nimepewa wa tatu," Mama alijibu. "Mimi niko upande wa gari lenye kiu."

* * *

Saa saba na nusu gari la kijivu lilirudi juu ya roli. Kulikuwa na ubishi mdogo kama mzunguko ule wa moshi uhesabiwe. Bwana Tuone alikata shauri: umehesabiwa. Imebaki miwili.

Mkunga aliiacha injini ipashe moto kwa dakika kadhaa, akisikiliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, laini, na nyuma ya gari ilitoka harufu tamu kama ya miwa iliyochemshwa. Akakanyaga. Gari lilipanda bila kukohoa, moja kwa moja, na mstari kwenye kioo ukapanda nalo, umenyooka kama ulivyochorwa. Farasi mia tatu na tatu.

Kelele zilipasua bati. Basi la kwaya! Mia tatu na tatu! Mwalimu alimkumbatia mtu asiyemjua. Kishindo alipiga makofi juu ya kichwa, kisha akakumbuka yeye ni mpinzani, akapunguza kidogo.

"Farasi watatu chini yangu," alisema, lakini jasho lilikuwa linamtoka.

Mkunga alichungulia namba za kompyuta. "Inagonga?"

"Hata kidogo," Bwana Tuone alisema. "Iko baridi. Inaomba zaidi."

"Tuiongezee pumzi kidogo?"

Mzee alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Tuone."

Wakairuhusu turbo ipulize zaidi kidogo. Mkunga alikuwa anapanda garini kwa mzunguko wa mwisho aliposikia mlango wa pili unafunguliwa. Mama ameingia. Amekaa. Anajifunga mkanda, mkoba mapajani.

"Mama, kuna kelele sana humu."

"Nimefanya kazi ya kugonga mihuri miaka thelathini. Endesha."

"Sikubali!" Kishindo alipiga ukelele. "Uzito umebadilika!"

"Gari haliendi popote," Mwalimu alimjibu. "Hata ukipakia tembo, roli hazijui. Keti."

Bwana Tuone alimpa Mama viziba masikio, akamkabidhi kama anamkabidhi taji. Mkunga alishusha pumzi. Gia ya nne. Mguu ukashuka mpaka sakafuni.

Injini iliimba. Gari lilichuchumaa kwenye mikanda, sindano zikakimbilia kulia, turbo ikapiga mluzi mwembamba ulioendelea kupanda tu. Mkunga alisahau alipo, na kinywa chake kikasema kile kilichozoea kusema kwa miaka ishirini na miwili:

"Sukuma! Sukuma, mama, sukuma! Bado kidogo! Sukumaaa!"

Mama, akidhani anaambiwa yeye, aliegemeza mikono yote miwili kwenye dashibodi na kusukuma kwa nguvu zake zote. Nje, watu waliona midomo, wakaelewa, wakadaka wimbo. "Su-ku-ma! Su-ku-ma!" Wanaume wazima, mwanafunzi wa sheria, fundi mabomba, mwenye duka la vigae ambaye aliacha rafu zake, liwalo na liwe, na kuja kuona, wote wanapiga kelele za leba kulielekea gari la kijivu. Kishindo alishika kichwa. Halafu, bila kujijua, naye akawa anapiga: "Sukuma, shemeji!"

Mstari ulipita mia tatu. Ukapita mia tatu na sita. Ukafika kileleni, ukainama kwa adabu.

Mia tatu na kumi na mbili.

Mkunga alizima injini. Aligeuka kumtazama Mama, na Mama alikuwa bado anasukuma.

"Mama. Imetosha. Imetoka."

"Imetoka?" Mama aliuliza, anahema. "Ni nini?"

"Ni farasi mia tatu na kumi na mbili."

Mama alipiga kigelegele kimoja kirefu ndani ya gari lililofungwa vioo, na wote nje wakakisikia. Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Mkunga alitolewa garini akanyanyuliwa juu, miguu ikining'inia, akicheka na kulia kwa pamoja, akipiga kelele wamshushe kabla hawajaumia migongo. Mwalimu alikuwa anaeleza asilimia kwa yeyote aliyesimama, na hakuna aliyesikiliza. Bwana Tuone alifuta jina la Kishindo juu ya ubao, akaandika MKUNGA, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama herufi zimenyooka.

Kishindo alimsogelea shemeji yake aliposhushwa. Shati limekwisha, nywele zilizochongwa kwa rula zimelala upande mmoja.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa na maneno mengi ya kusema leo."

"Najua."

"Yote yamenipotea."

"Basi imba."

Na Kishindo, kinyozi, mwanamume wa miaka thelathini na minane mwenye sauti kama jenereta, akakumbuka kauli yake, akasimama katikati ya karakana na kuimba soprano. Aliimba vibaya kiasi kwamba mwenye duka la vigae alirudi kukumbatia rafu.

Watu walipoanza kufungasha, waligundua Mama hayupo kati yao. Alikuwa uani, ndani ya Kidonge, anakirudisha nyuma, anakisogeza mbele, anakipanga kuelekea kwenye roli.

"Mama, unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nami nataka kujua wangu wako wangapi."

Ilikuwa saa nane na dakika tano. Bwana Tuone alitazama saa, akaivua, akaitia mfukoni, akachukua mikanda. Kidonge kilionekana juu ya roli kama kikombe kilichosahauliwa kwenye reli. Mama alikanyaga mafuta kwa umakini wa mtu anayetia uzi kwenye sindano, na Kidonge kikatoa mlio wa nyuki aliyeudhika, kikatetemeka, kikafanya yote kiliyoweza. Hakuna aliyeziba masikio. Wote ishirini waliimba sukuma tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Thelathini na tisa," Bwana Tuone alitangaza. Kisha mzee yule akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale: akacheka, kwa sauti, mabega yakitikisika, akaenda kuandika MAMA — 39 chini kabisa ya ubao.

Mama alisimama mbele ya ubao muda mrefu, mkoba begani, anaitazama ile namba kwa fahari isiyofichika. "Thelathini na tisa," alisema. "Na miaka yote hii nilidhani ni mmoja." Akamgeukia mkwe wake. "Sasa niambie, mwanangu. Na mimi nikiweka hiyo ethanoli?"

Mkunga alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa tayari anatafuta mahali pasipoandikwa kwenye mkono wake. Na kule kwenye roli, Kishindo alikuwa ameshafungua boneti ya Kidonge, ameinama ndani mpaka kiunoni, anauliza plagi ziko wapi.